Marahaba Iliyochelewa

Mnaonijua mtasema huyu naye kaanza utani wake. Leo hapana. Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, tumboni nina chipsi, si pombe. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Nafanya kazi gereji moja hapa Fordsburg, Johannesburg, ya Baba Rehema, mtu wa Tanga kama mimi. Ijumaa ile yeye na wenzangu wote walikwenda msikitini. Mimi Mkristo, nikabaki na injini ya kombi ya Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Kesho yake alfajiri alikuwa anapeleka kwaya ya kanisa lao Durban, na ile milima ya kuteremkia huko unaijua. Nikafunga geti kwa ndani na komeo, maana Joburg hii ukiacha wazi unakuta huna hata spana.

Umeme umekatika, injini iko chali kwenye stendi, nafunga konrodi, ile mikono inayoshika pistoni kwenye krenki. Iko minne, kila mmoja una kifuniko na bolti mbili. Kwanza unaziingiza zote kwa vidole, halafu unarudi na spana ya kipimo, unavuta mpaka ilie tak. Ikilia, imekaza. Usipokaza? Bolti inachomoka injini ikizunguka kasi, konrodi inatoboa ubavu wa injini, na kwaya inaimba wimbo mwingine.

Nimemaliza konrodi ya pili, simu ikalia. Mama Furaha.

"Weye mtoto, gari yangu itatoka leo ao hapana?"

"Itatoka mama, hata sasa inaulizia njia ya Durban."

"Utani wako utakuua." Akakata.

Nikarudi, nikakaza ya nne, nikashika sampo, lile karai la oili la chini ya injini, nifunike. Hapo nikasikia, "Hodi."

Mdomo wangu huu, bila hata kugeuka, ukasema karibu. Mara mzee kasimama kando yangu, ovaroli la bluu limefuliwa mpaka limepauka, kofia ya kufuma kichwani. Nikampa shikamoo. Kimya. Nikampa nyingine, labda masikio. Kimya. Nikasema moyoni, eish, huyu kanuna tangu kwao.

Akanyoosha kidole kwenye konrodi ya tatu. "Hii umeisalimia tu. Hujaikaza."

"Mzee, na wewe nimekusalimia hujaitika, basi mko sawa."

Hakucheka. Nikaweka spana nimwonyeshe kwamba anakosea. Bolti ikazunguka, ikazunguka tena, laini kama kifuniko cha chupa ya soda. Niamini, simu ile ilinirukisha konrodi nzima. Nikavuta mpaka tak. Na mwenzake, tak. Pale pale, nyuma ya sikio langu, taratibu kabisa:

"Marahaba."

Nikageuka. Hakuna mtu. Komeo liko mahali pake. Sakafuni nilikuwa nimemwaga unga wa mbao unyonye oili, na nyayo zilizokuwepo ni za raba zangu tu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilikaa chini.

Baba Rehema aliporudi nikamsimulia. Nilipofika pale pa "umeisalimia tu", akavua kofia, akakaa juu ya tairi.

"Huyo fundi Shomari. Ndiye aliyenifundisha kazi, humu humu. Na jeneza lake nimelibeba mimi." Akaikunja kofia mkononi. "Alikuwa haitikii shikamoo ya mtu mpaka kazi iishe. Mimi aliwahi kuniweka bila marahaba kutwa nzima. Na wewe ulimjibuje?"

"Nilimwambia yeye na bolti wako sawa."

Bosi alicheka mpaka akajifuta machozi, na sijui yalikuwa ya kicheko yote.

Kombi ilikwenda Durban, ikarudi na watu wake wote. Mama Furaha akaniletea sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. "Aksanti mtoto, gari inaimba kushinda kwaya." Nikamwambia shukrani azifikishe kwa mzee. Akadhani namsema bosi.

Tangu siku hiyo, kabla sijafunika injini yoyote, natoa shikamoo kwenye gereji tupu, nasubiri. Hajaitika tena. Na kila asipoitika, narudi bolti ya kwanza naanza kukagua upya.

Basi nawe unayeshika spana, ukimwamkia mzee akakaa kimya, usinune. Angalia kwanza umeacha wapi.