Elfu Tatu za Kuapia

Kura ambayo sikuipiga ilinigharimu cherehani moja, majora kumi na moja ya vitambaa vya kaniki na amerikani, na shilingi mia nne na ishirini taslimu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau faini.

Zilikuwa siku za mwisho za Mwingereza. Gavana hatukumchagua, yeye aliletwa tu, kama mvua ya mawe. Tulichoruhusiwa kuchagua ni wajumbe wa kukaa naye mezani, na hilo nalo halikuwa la kila mtu. Uwe umefika darasa la nane, au uwe na cheo, au uwe na mapato ya shilingi elfu tatu kwa mwaka. Mimi darasa nililijua kwa kupita nje ya dirisha lake nikiuza vitumbua. Cheo sikuwa nacho. Likabaki duka.

Duka langu la pale Nachingwea lilikuwa letu wawili, mimi na kaka yangu aliyekaa kijijini Matambarale. Yeye alivunjwa mguu na gogo walipokuwa wakifyeka pori kwa ajili ya karanga za Waingereza, na fidia aliyopewa ndiyo iliyonunua cherehani na majora ya kwanza. Kulima hakuweza tena. Kila baada ya mavuno ya ufuta nilimpelekea nusu ya faida, na nusu hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe watano. Kwenye kodi kila mmoja wetu alitaja nusu yake, nayo tuliipunguza kidogo njiani. Karani wa kodi akiniuliza biashara ikoje, namjibu, "Bwana, tunauza ili tusikae bure." Akaandika hivyo miaka yote.

Vijana wa chama cha kudai uhuru walipopita wakihimiza watu wajiandikishe, niliona haya. Kila Mzungu aliyebaki mashambani alikuwa na kura, hata yule asiyejua bei ya chumvi. Nikapanda lori hadi Ruangwa, nikamalizia kwa miguu hadi kwa kaka.

"Kaka, nataka uweke dole gumba hapa, kwamba duka lote ni langu."

"Lote?"

"Kwa karatasi tu. Nusu zetu zikikaa pamoja nitapata kura."

"Umekuja mikono mitupu kuniomba nusu ya duka," alisema. "Hata kibaba cha chumvi hukubeba. Ndiyo maana nyie wa mjini mnatajirika." Akacheka, akachovya dole kwenye wino, akaligandamiza.

Nusu mbili hazikufika elfu tatu. Hapo nikafanya kosa ambalo ni mwenye duka tu anayeweza kulifanya: nikaacha kutaja faida, nikaapa kwa hesabu ya mauzo. Kila shilingi iliyopita juu ya meza yangu niliiita yangu, hata ile iliyokuwa njiani kwenda kwa tajiri wa duka la jumla. Maisha yangu yote nilikuwa nimeapa kwa kushusha. Siku hiyo niliapa kwa kupandisha, nikatoka bomani nimenyoosha mabega.

Karani wa uandikishaji alinieleza kwamba nitachagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na nikimwacha yeyote kura yangu imeharibika.

"Mimi nimefuata kimoja," nikamwambia. "Hivi viwili vingine ni vya lazima?"

"Vya lazima."

Wakati wa vita tulinunua sukari namna hiyo, huipati mpaka ubebe na bidhaa iliyomdodea mwenye duka. Nikakubali.

Majina yetu tulioandikishwa yakabandikwa kwenye ubao nje ya boma. Watu walikwenda kuyasoma, na karani wa kodi naye anajua kusoma. Alikuja dukani na daftari lake la miaka mitatu, akanisomea majibu yangu yote, pamoja na lile la kutokaa bure. Kisha akasoma kiapo. Nilijaribu kumweleza tofauti ya mauzo na faida.

"Mzee, uliapa au hukuapa?"

Nikadaiwa kodi ya miaka yote mitatu na faini juu yake, taslimu niliyokuwa nayo ikaenda yote. Haikutosha, vitu vikapigwa mnada.

Wiki hiyo hiyo ikatangazwa kwamba kwetu waliosimama ni watatu kwa viti vitatu. Wamepita bila kupingwa, hakuna haja ya kura.

Kaka alikuja na lori la mihogo. Aliingia akiburuta mguu, akaangalia rafu, akaangalia pale cherehani ilipokuwa, akakaa kwenye benchi.

"Wameuza na nusu yangu?"

"Karatasi inasema huna nusu, kaka."

"Ya karatasi nayajua, dole ni langu. Nakuuliza wewe."

"Wameuza zote mbili."

Akaukanda mguu wake.

"Basi nishauri, mdogo wangu. Jembe siliwezi, na wanangu watano wanajua nimekuja kuchukua fedha. Nikirudi leo niwaambie tule nini, mpaka utakaponilipa?"