Siku Nilipomfananisha Bibi na Ng'ombe Mbele ya Padri

Aibu hii nilitamani nife nayo, ila binamu zangu wameshaisambaza Kirua nzima na kila mmoja kaongeza chumvi yake, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Nilikuwa frateri seminarini, nasomea upadri, mwaka wa pili wa falsafa, na muhula ule tulikuwa tunasoma balagha, ile sanaa ya Wagiriki na Warumi ya kusema mpaka watu wakubali. Mwalimu wetu, padri mmoja mpole, alitueleza jinsi Wakristo wa mwanzo walivyobishana, wengine wakisema urembo wa maneno ni wa wapagani na Injili haiuhitaji, wengine wakiuliza, kama uongo unapambwa, kwa nini ukweli utembee uchi (mimi nilikuwa upande wa mapambo, tena kwa moyo wote).

Basi babu na bibi wakatimiza miaka hamsini ya ndoa. Wiki moja kabla ya jubilei babu akaniita migombani, akaniambia ana neno kwa bibi. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini, miaka saba, akipanda mlimani Krismasi tu, na bibi akalea watoto na kupalilia kahawa peke yake. Hajawahi kumshukuru.

"Mimi maneno sina," akasema. "Wewe umesoma. Nisemee."

Ningeandika kwenye karatasi yakaisha. Lakini hapana, nikaamua kufuata wale wahutubi wa kale, ambao hawakushika karatasi, walijenga nyumba kichwani, wakaweka kila hoja mahali pake, halafu wakihutubia wanatembea humo wakiziokota. Nikatumia nyumba ya babu. Salamu nikaziweka getini, ujana wa babu kwenye mibuni, uvumilivu wa bibi zizini (ng'ombe wetu wa maziwa ni mpole sana), na shukrani ya babu jikoni, kwenye mafiga.

Siku ikafika, misa ikaisha, tukakaa chini ya turubai, na padri mwalimu wangu (niliyemwalika mwenyewe ili anione) kakaa mstari wa mbele. Nikapewa kipaza sauti. Salamu zikaenda vizuri, ujana wa babu ukaenda, watu wakawa wanatikisa vichwa, nami nikavimba. Nikafumba macho, nikafika zizini, nikamwona ng'ombe vizuri kabisa, anatafuna, lakini lile neno nililomwachia silioni. Mdomo ukaendelea wenyewe.

"Na hapa, ndugu zangu, tukimtazama ng'ombe, tunamwona bibi yetu."

Nilisikia sufuria likifunikwa huko nyuma.

Hapo ningekaa. Lakini nikakumbuka kwamba msemaji akikwama aulize swali lisilohitaji jibu, nikauliza kwa sauti ya mimbarini, "Ni nani kati yetu ambaye mke wake si ng'ombe?" (nilitaka kusema mvumilivu kama ng'ombe, Mungu ni shahidi).

Mjomba Deo, ambaye alishaanza mbege, pombe yetu ya ndizi, mapema, akanyoosha mkono na kujibu taratibu, "Wangu mimi."

Kicheko kilichofuata kilifika barabarani. Padri alizika uso kwenye leso, mabega yanatikisika. Bibi, ndani ya kitenge chake kipya, alikuwa anatazama mikono yake. Nikakaa bila kufika jikoni, na ile shukrani, kitu pekee nilichotumwa, haikusemwa.

Ndipo babu akasimama. Hakuomba kipaza sauti. Alisubiri tu, mpaka watu wakanyamaza mmoja mmoja.

"Apolonia," akasema, na sisi wajukuu tukatazamana, maana siku zote humwita Mama Evarist. "Ile miaka ya miwa nilikuachia mzigo. Nilijua. Sikusema. Asante."

Akakaa. Bibi alichagua kipande kizuri cha ndafu, yule mbuzi aliyechomwa mzima, kwenye sahani yake, akakiweka kwenye sahani ya babu, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na shangazi zangu wote wakaanza kulia.

Seminari niliacha mwaka uliofuata, kwa sababu nyingine kabisa (msidhani), na sasa nafundisha sekondari mjini Moshi, ambako watu bado huniomba niwasemee kwenye sherehe. Mtu akinijia na neno la kumfikishia mkewe, nampa kiti, namsikiliza mpaka mwisho, halafu namwambia aende nalo mwenyewe.