Dakika Kumi na Moja za Mama Tito

Siku mdhibiti ubora wa shule alipofika, Mektrida alikuwa jikoni anakoroga uji wa watoto mia tatu na arobaini. Jiko la shule lilikuwa banda la mabati lililobanana na ofisi ya mwalimu mkuu, na bati halizuii maneno. Kwa hiyo alilisikia swali lote, hata kikohozi kilichotangulia.

"Ratiba yenu ina vipindi vinane vya dakika arobaini," mgeni alisema. "Hizo ni dakika mia tatu na ishirini kwa siku. Nataka kujua, kati ya hizo, ni ngapi ambazo mwalimu yuko mbele ya watoto na anafundisha kweli?"

Mwalimu mkuu, Mwalimu Tabitha, alianza kupekua makaratasi. Aliyejibu ni Mwalimu Melkior, mwalimu wa taaluma, kijana mchapakazi asiyependa kukaa kimya mbele ya wageni.

"Kinachotumaliza ni uji, mheshimiwa. Watoto wakishaingia kwenye ile foleni, hawarudi darasani. Uji unakula dakika arobaini zetu kila siku."

Mektrida aliacha kukoroga. Uji ukashika chini, akalazimika kuukwangua kwa mwiko.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mke wa Sirili wa Kibosho, mama wa watoto wanne. Shuleni na kijijini kote walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Tito. Alipomaliza darasa la saba alikuwa wa kwanza kwa hesabu, lakini mwaka ule nafasi za sekondari zilikuwa chache na jina lake halikutoka. Akaolewa, akalima kihamba, shamba la migomba la nyumbani, akakata majani ya ng'ombe. Miaka tisa iliyopita kamati ya shule ilimpa kazi ya upishi. Aliyakumbuka vizuri mambo yalivyokuwa kabla ya uji: watoto wanaoshuka kutoka kule karibu na msitu na baridi ya saa kumi na mbili, tumbo tupu, wamelala juu ya madawati kabla hata ya saa tano. Mmoja, binti aitwaye Violet, alianguka mstarini mara mbili kwa wiki moja.

Baada ya siku tatu alipata habari kamili. Kamati ingekutana mwisho wa mwezi kuamua kama uji uhamishiwe saa nane, watoto wakishatoka, au usimame kabisa.

"Arobaini?" alimwambia Sirili wakimenya ndizi jikoni kwao. "Amezipima kwa nini, kwa macho?"

"Achana na walimu, Mama Tito. Wewe ni mpishi."

"Ndiyo maana nitapima. Uji ni wangu."

Akanunua daftari la kurasa arobaini. Saa yake ilikuwa simu ya kitochi, akailinganisha na saa ya redio ili mtu asije akasema inakimbia. Mlango wa jiko ulitazamana na jengo refu la madarasa, na mbele yake kabisa lilikuwa Darasa la Sita. Hakuwa na uwezo wa kulifuata kila darasa, akaona alifuate hilo moja bila kuliacha, siku kumi za shule.

Siku ya kwanza aliandika mapumziko tu. Kengele ilipigwa saa nne na dakika arobaini. Kengele ya kurudi, saa tano na dakika kumi. Mtoto wa mwisho wa Darasa la Sita aliingia saa tano na dakika ishirini na moja.

Dakika kumi na moja. Hazikuwa arobaini, lakini zilikuwapo. Siku ya pili zikawa kumi na mbili, ya tatu kumi. Mektrida alikaa juu ya gogo la kuni akiwa na aibu kama aliyekutwa na kitu cha mtu. Alikuwa amejiaminisha kwamba hataona hata moja.

Angeweza kulifunga daftari pale pale. Badala yake alianza kutazama kwa nini. Foleni ilikuwa moja kwa shule nzima, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Tena uji ulitoka motoni ukiwa unachemka, mtoto anapewa kikombe kisha anakaa kupuliza. Muda mwingi haukupotea kwenye kugawa. Ulipotea kwenye kupuliza.

Jumatatu iliyofuata aliuepua uji saa nne kamili. Vikombe vilipokelewa asubuhi kwa madarasa, kila darasa na beseni lake, na kabla kengele haijalia alikwisha kuvijaza na kuvipanga sehemu tatu za baraza. Watoto walitoka, wakanywa uji wa vuguvugu, wakasuuza vikombe, wakapata na muda wa kucheza mpira. Darasa la Sita lilikuwa limekaa saa tano na dakika tisa.

Na kwa kuwa sasa alikuwa na nafasi, akaanza kuandika na mengine yaliyopita mbele ya mlango wake.

Siku ya kikao cha kamati aliitwa kuleta chai. Alimimina vikombe tisa, akaweka birika, lakini hakutoka. Mwalimu Melkior alikuwa amesimama, amemaliza kusema uji uhamishwe.

"Mwenyekiti," Mektrida alisema, "naomba nafasi."

Mzee Yohana, mwenyekiti wa kamati, aliinua macho. "Mama Tito? Wewe si mjumbe."

"Si mjumbe, mzee. Ila ni wa uji."

Wengine wakacheka. Mwalimu Tabitha hakucheka. "Mpe, mwenyekiti. Jambo linamhusu."

Mektrida alifungua daftari. Alikuwa amejiandaa kuanza na walimu, na usiku uliotangulia alikuwa ameyapanga maneno makali. Sasa, akiwa mbele yao, akaona aanze na lake.

"Nimelifuata Darasa la Sita siku kumi kwa saa. Uji ulikuwa unakula dakika kumi na moja. Ni zangu, sikatai, na nisameheni. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita hazipo tena. Mwalimu yeyote anaweza kusema kama nadanganya."

Mwalimu mmoja akaitikia kwa kichwa taratibu. Kweli, watoto walikuwa wanawahi, naye hakuwa amejiuliza kwa nini.

"Nilipomaliza zangu nikaona na nyingine," aliendelea. "Mstarini asubuhi tunatakiwa tuwe tumetoka kabla ya saa mbili. Tunatoka saa mbili na dakika kumi na nne, kwa wastani. Kumi na nne hizo. Mchana, ratiba inasema kipindi cha mwisho kinaisha saa saba na dakika hamsini, lakini saa saba na nusu watoto wanapelekwa kuchota maji ya usafi kwenye mfereji wa mfongo. Ishirini hizo."

"Kuna nyingine?" aliuliza Mzee Yohana. Alikuwa ameanza kuandika kwenye kiganja.

Mektrida akafunua ukurasa. "Kengele ya kubadilisha kipindi ikilia, mwalimu anatoka, anarudi ofisini kuweka vitabu. Anayefuata ndiyo kwanza anainuka ofisini. Hapo katikati watoto wako peke yao dakika saba. Kwa siku inatokea mara sita. Arobaini na mbili."

Mwalimu Melkior aliweka kikombe chini.

"Mama, nani alikupa kazi ya kutuvizia?"

"Hakuna, Mwalimu. Nilikuwa najitetea. Mlango wangu unatazama pale, sina pengine pa kutazama." Akafunua ukurasa wa mwisho. "Jumla, pamoja na zile zangu, ni dakika themanini na saba. Kwa wiki ni siku nzima ya masomo imepotea, na karibu saa mbili juu yake. Siku ile ya mgeni watoto walikuwa wanasoma dakika mia mbili thelathini na tatu, si mia tatu na ishirini. Lile swali la mgeni, jibu lake ni hilo."

Melkior alinyoosha mkono. Mektrida alidhani anamfukuza. Kumbe alitaka daftari. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa, midomo ikijumlisha, kisha akajumlisha tena kwenye karatasi yake.

"Hesabu zimekaa," alisema mwishowe. Sauti yake haikuwa na furaha, lakini alisema. "Ila ni darasa moja. Tupime yote."

Wiki iliyofuata kila mwalimu alipewa darasa la kulipimia muda. Walipata wastani wa dakika sabini na tisa zinazopotea, na ndani yake hamkuwamo hata moja ya uji. Mzee Yohana alipoletewa karatasi ile alicheka mpaka akavua kofia, na suala la kuuhamisha uji likafutwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Melkior mwenyewe alikaa Jumamosi mbili akaipangua ratiba: hesabu na Kiswahili vikawa vipindi viwili mfululizo, na mwalimu akitoka darasa moja anakwenda moja kwa moja kwenye linalofuata. Matangazo marefu ya mstarini yakabaki Jumatatu na Ijumaa. Wazazi walipanda juu na majembe, wakachimba mtaro, wakateremsha bomba kutoka kwenye mfongo hadi tangi la shule, na kuchota maji kukaisha siku ile ile.

Mwisho wa muhula walipima tena. Dakika mia tatu na moja. Mwalimu Tabitha aliwasomea wazazi takwimu ile kwenye mkutano, kisha akasema, "Mama Tito, simama wakuone." Akasimama, aproni ina unga, na wanawake wa Kibosho wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakalia. Sirili alikuwa nyuma, anampigia makofi kwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa.

Mwezi wa kumi, Darasa la Sita lilimaliza kitabu cha hesabu. Haikuwahi kutokea kabla. Melkior alikwenda jikoni kumweleza kabla hajamwambia mtu mwingine.

"Shikamoo, Mama Tito. Tumemaliza. Sura zote."

"Marahaba, mwanangu. Zote?"

"Zote. Sasa tunarudia."

Melkior alichukua kikombe, akanywa uji amesimama, na Mektrida akamwongezea bila kuombwa.

Januari barua ilitoka shule moja ya mjini, kule Pasua. Mwalimu mkuu wake, Mwalimu Rahma, alimwomba Mwalimu Tabitha awaazime yule mama wa daftari kwa wiki moja. Mektrida alishuka mjini amevaa kitenge kipya. Walimu walikuwa wamemwandalia kiti na meza mbele ya ofisi, chai na maandazi ya iliki, na ratiba kubwa imebandikwa ukutani. Alishukuru, akaisoma ratiba yote kutoka juu hadi chini.

"Ni nzuri," alisema. "Naomba kiti kihamishiwe pale, nione mlango wa darasa."

Wakakihamisha. Akakaa, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe. Kengele ikalia, na Mama Tito akatazama saa.