Banda la Nchi Tatu Lililozibwa Lango

Mpaka leo nikipita karibu na kile kiwanja cha maonyesho hapa Kisumu, damu inanichemka. Pale ndipo wakubwa waliovaa tai walipoiharibu kazi yangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Nilikuwa mchoraji wa majengo, bado kijana, na hilo lilikuwa jengo langu la kwanza: banda moja la maonyesho la Kenya, Uganda na Tanzania. Nchi tatu zinakunywa ziwa moja, basi nikachora dala, boma kama la kwetu: nyumba tatu, ua mmoja wa kukutana, lango moja. Mama yangu, mkulima wa miwa kule Muhoroni, alikuwa ameahidi kuja kuliona. Niliupenda ule ua kuliko mshahara.

Msingi ulikuwa umeshachimbwa wajumbe wa nchi tatu walipokuja kukagua. Fundi mkuu wa uashi, mcheshi wa mtaa wa Manyatta, akawaonyesha nyumba inayotazamana na lango. "Hii ya katikati ni ya mikayi, bibi mkubwa. Hizi za kando ni za bibi wadogo, Bwana."

Kwetu boma hupangwa hivyo, nami nilikuwa nimelichora hivyo bila hata kufikiri. Wajumbe hawakucheka. "Nani bibi mkubwa hapa?" akauliza wa Uganda. Wa Tanzania akasema nchi yake haiolewi. Wetu wa Kenya, badala ya kufunga mdomo, akasema bibi mkubwa ni mwenyeji. Watu wazima, wamelishwa samaki wakashiba, wanagombea ubibi!

Niliwasihi nyumba ya katikati tuiachie ziwa: nyavu, mitumbwi, samaki, vitu vya wote, nami niongeze nyumba moja kando. Nani anisikilize? Wakaamuru ua ukatwe kwa kuta, lango lizibwe, kila nchi itoboe mlango wake nyuma. Upuuzi mtupu, na nikaambiwa niuchore vizuri.

Siku ya ufunguzi Mama alikuja amevaa gauni lake la kanisani. Aliingia mlango wa kwanza, akatoka, akazunguka juani hadi wa pili, kisha wa tatu. Alipomaliza alikuwa anatweta.

"Baba," akaniambia, "nimeona nyumba za watu wasiosalimiana. Sasa dala yako iko wapi?"

Nikampeleka palipozibwa lango. Saruji ilikuwa bado mbichi. Mguu wangu ulitaka kuupiga teke ule ukuta, na hadi leo unaniwasha.