Ngoja Sentensi Iishe

Nakumbuka Ijumaa zetu za imla, mwanangu. Nilikuwa kidato cha pili hapa Tabora. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa akitusomea sentensi, nasi tunaandika tulichosikia. Flour na flower sikioni ni kitu kimoja, kumbe moja ni unga na jingine ni ua, na kila moja lina herufi zake. Siku hiyo alisoma habari za mama aliyekwenda sokoni, nami niliposikia neno hilo nikawahi kuandika ua. Sentensi ilipoisha, yule mama alikuwa anasonga ugali.

Mwalimu alipolisoma daftari langu kwa sauti, darasa zima lilicheka. Mimi sikuona cha kucheka, maana baba alikuwa ameshasema nikifeli mtihani wa mwisho wa mwaka nitaozwa, na wageni kutoka Igunga walikuwa wameshakuja kunitazama. Mmoja alinikagua kama ng'ombe wa mnadani.

Bibi yangu alikuwa haoni. Wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa na sauti moja; wakiwa nyuma ya mlango hata mama aliwachanganya. Jioni moja, mmoja wao akapiga hodi.

"Ni Doto," nikasema upesi.

"Una haraka ya nini, mjukuu wangu?" bibi akanikemea. "Hajasema shida yake. Ngoja amalize."

"Bibi, maji nimeshachota, niyaweke wapi?"

"Huyo Kulwa," bibi akasema. "Doto achote maji bila kusukumwa? Thubutu! Wewe una hofu, ndiyo maana unajibu kabla hujasikia."

Siku ya mtihani mwalimu alianza kusoma. Kalamu za wenzangu zikakwaruza karatasi, yangu nikaishikilia juu. Mwalimu akasimama kando ya dawati langu.

"Mbona huandiki?"

"Nangoja sentensi iishe, mwalimu."

Nilijua nitachapwa. Akanitazama, kisha akaendelea kusoma, na alipofika mwisho ndipo nikaandika.

Likizo ilipofika, wageni wa Igunga wakarudi. Nilijificha chumbani nimekumbatia begi la shule, dirisha la nyuma liko wazi. Nikamsikia baba uani akisema, "Ndugu zangu, huyu binti..." Kisha akakohoa. Mguu mmoja ulikuwa umeshapanda dirishani, mwanangu! Nikamkumbuka bibi. Nikabana pumzi, nikangoja.

"...amefaulu. Anarudi shule."

Basi wewe unayeingia kwenye mtihani wiki ijayo, maneno yenye sauti moja yasikutishe. Sikiliza neno limekuja na maneno gani, na linaelekea wapi, ndipo uandike. Hofu itakusukuma mkono. Mimi inanisukuma hadi leo, na bado nangoja. Mungu akutulize moyo, akufungue masikio, na siku watu watakapolitaja jina lako uani, akujalie kusikia mpaka mwisho.