Msiba wa Kwenye Sarafu

Baba alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mzungu kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita. Krismasi moja mhandisi alimzawadia sarafu ya fedha isiyonunua kitu dukani, iliyotengenezwa kukumbuka vita vya kale vya Ulaya. Jioni baba akamweleza bibi, mama yake, picha iliyochorwa kwenye sarafu, kama mhandisi alivyomsimulia: askari waliovaa chuma mwili mzima walizama kwenye matope, wakashindwa kuinuka, wakafa wengi.

"Na ng'ombe walichukuliwa na nani?" bibi akauliza.

"Hakukuwa na ng'ombe, mama."

"Sasa walikuwa wanapigania nini?"

Bibi alihuzunika kweli. Asubuhi alijifunga kanga, akakamata mtetea, akaenda kumpa mhandisi pole. Mhandisi akavua kofia, akapokea kuku kwa mikono miwili, kisha akamnong'oneza baba, "Nani amekufa?"

"Ndugu zako, Bwana. Wale wa kwenye sarafu."

Mhandisi akamtazama bibi, ambaye tayari alikuwa ameketi barazani kuomboleza, akaagiza chai. Wakanywa pamoja mpaka king'ora cha mgodi kilipomwita mhandisi kazini.