Kanzu Kabla ya Sikukuu

Nafundisha ushonaji katika chuo kidogo cha ufundi huko Bububu. Kwa miaka mingi niliandika malengo ya somo ubaoni kwa lugha ya ofisini, wanafunzi wakayanakili huku wanapiga miayo. Mwaka juzi nikachoka. Nikampa kila mmoja kadi aandike kitu kimoja atakachokishona, cha nani na kwa lini, kisha aibandike ukutani juu ya cherehani yake.

Binti mmoja wa Mkokotoni, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake hapo jirani, alikuwa wa mwisho darasani. Uzi ukimkatikia tu, kazi kwake imekwisha siku hiyo. Yeye aliandika: Kanzu ya baba, kabla ya Sikukuu. Baba yake alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, na kanzu zake zote zilikuwa zimeshampwaya.

Kadi ile ilimgeuza. Akawa anafika kabla sijafungua mlango. Tuliigawa kanzu hatua kwa hatua, kila hatua na kipimo chake, na ikitimia naitia alama kwenye kadi. Mabega, mikono, pindo, vyote alivipita. Nikawaringia walimu wenzangu, sifichi.

Ikabaki darizi ya shingoni. Aliileta wiki mbili kabla ya Sikukuu, akasimama mbele yangu anatabasamu. Nikaweka rula. Mstari mmoja ulikuwa umekwenda upande, upana wa uzi tu.

"Mwalimu, hali ya baba si nzuri," alisema. "Nnaomba nimpelekee hivi hivi."

Nikamwambia lengo ni lengo, afumue. Akafumua. Alipoileta mara ya pili nikamfumulisha tena. Nilijiambia namkazia kwa sababu nampenda, na kweli nilimpenda. Lakini pia nilitaka kuwaonyesha wenzangu kanzu isiyo na kasoro.

Baba yake alifariki kanzu ikiwa mezani kwangu, shingo yake imefumuliwa.

Nilikwenda Mkokotoni msibani. Nikamkuta ndani na wanawake. Shangazi yake alinisimulia kwamba nguo ya sanda ilipoletwa, wazee walimpa yeye aipime na kuikata, kwa kuwa ndiye anayesomea ufundi. Aliipima sawasawa, akaikata. Sanda haishonwi. Mimi nilimfundisha kila aina ya mshono, na nguo pekee aliyomtayarishia baba yake haikuhitaji hata mmoja. Niliona aibu, nikashindwa kumtazama.

Baada ya khitma alirudi chuoni. Nilimpa kanzu yake, nikamwambia aisahau rula, aimalize atakavyo. Akaitandaza mapajani, akapitisha kidole pale shingoni, mahali hasa nilipokuwa nimeonyesha kasoro.

"Baba alikuwa na ndevu nyingi, Mwalimu," alisema. "Zingepafunika hapa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Aliikunja kanzu, akaibandua kadi ukutani na kuniwekea mezani, alama zote zimo isipokuwa ya mwisho. Nilishika kalamu, nikaiweka chini. Kadi ile bado imo kwenye mtoto wa meza yangu.